Moto wa makumbi si moto wa makuti

Mhariri, habari za kazi, na salamu kwa wote hapo chumba cha habari.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, hata pale mlipoacha kuchapa saa za maji kujaa na kupwa, ambazo wengine ndo tulikuwa tunanunulia gazeti. Nilinyamaza. Ila mwezi huu mmenigusa penyewe. Kwanza yule kijana wenu wa ukurasa wa vitabu kaandika kwamba riwaya za mapenzi ni za mabinti, na kwamba msomaji wa leo hana subira, ukimchelewesha kurasa kumi keshahamia kwenye simu. Halafu ile hadithi yenu ya mfululizo ya Jumapili, sehemu ya kwanza kijana kamwona binti kituo cha daladala, sehemu ya pili wamekula chipsi, sehemu ya tatu wako chumbani wamefunga pazia. Sasa sehemu ya nne mpaka ya ishirini mtatueleza nini, bei ya pazia?

Wiki hiyohiyo mjukuu wangu alikuwa likizo kutoka chuo akasahau kitabu kwenye kochi. Cha Kiingereza, kinene kama tofali, jaladani mwanamke kavaa koti la jeshi kageuka mgongo. Sikitaji jina msije mkasema mzee kalipwa. Nikakifungua kwa uchokozi tu, nijue mtoto anasoma nini, ilikuwa baada ya isha, nikaja kushtuka naadhiniwa alfajiri na miwani bado iko puani.

Ni riwaya ya mapenzi, tena ya kijasusi, ya wakati wa vita ya pili ya dunia. Mwaka 1943, kijana wa Kiingereza kashushwa na parachuti usiku katikati ya Ufaransa, nchi imekaliwa na Wajerumani, yeye kazi yake ni redio, anatuma habari London kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu. Upande wa pili kuna binti wa miaka 19 ana hedifoni masikioni, kakaa kwenye jumba kubwa la kizamani kijijini Uingereza, kazi yake kumsikiliza. Basi. Hao ndo wapenzi wenyewe. Kitabu kina kurasa 480 na hawajaonana uso kwa uso mpaka ukurasa wa 391, na kabla ya hapo hata majina hawajuani, na mimi nawaambia sijawahi kuona watu wawili wanapendana vile.

Mjukuu kasema kipo taratibu mno, aliruka kurasa za redio. Masikini mtoto, mapenzi yenyewe yote yalikuwa humo humo kwenye redio! Lakini simlaumu, ye hajui. Mimi najua kwa sababu nilikuwa mtu wa redio melini miaka 17, kuanzia 1979, wenzangu walikuwa wananiita Makoni, kwa jina la yule Marconi wa redio, na kwa hiyo naomba nafasi nieleze kidogo, mkikata barua katieni kwingine.

Watu wanafikiri Morse ni milio tu ya nukta na mistari, mashine inalia basi. Si kweli hata kidogo. Kila mtu ana mkono wake, kama mwandiko. Mwingine anapiga haraka kama anafukuzwa, mwingine anavuta mistari kama anaimba qaswida, mwingine akifika herufi fulani lazima ajikwae. Mimi kulikuwa na jamaa wa stesheni moja ya pwani huko Ghuba, sikuwahi kumwona, nilimjua kwa mkono miaka 6, akiwa na mafua nilikuwa najua, akiwa kagombana na mkubwa wake najua. Siku moja stesheni ileile, jina lilelile, saa ileile, akapiga mtu mwingine. Nikaandika ujumbe wake, nikakiri kupokea, nikafunga. Mpaka leo sijui yule mwenzangu alihama au alikufa, na kila nikikumbuka kuna kitu kinanikaba hapa kooni, na huyo ni mwanaume mwenzangu tu wa kazini.

Sasa chukua hilo umpe binti wa miaka 19.

Na hilo jumba si la kutunga. Lilikuwepo, Grendon Hall, kijiji cha Grendon Underwood, jimbo la Buckinghamshire, ndo palikuwa stesheni ya kupokea ya SOE, ile idara ya siri ya Waingereza iliyoanzishwa Julai 1940 kwa kazi ya kuwavuruga Wajerumani ndani ya nchi walizozikalia, makao yake Baker Street pale London. Na waliojaa mle Grendon walikuwa mabinti kweli, wa FANY, kikosi cha wanawake wa kujitolea, wengi hawajafika hata miaka 20. Kabla wakala, yaani jasusi wao, hajaondoka walikuwa wanaurekodi mkono wake kwenye mashine, ili akikamatwa na Mjerumani akakaa kwenye redio yake kujifanya ndiye, wapokeaji wapate kulinganisha.

Kwenye kitabu yule kijana ana ugonjwa wake kwenye herufi Q. Q ni daa-daa-di-daa, na ye ule mstari wa mwisho anauvuta, daa-daa-di-daaaa, kama mtu anayeaga mlangoni hataki kutoka. Na Q huikwepi, karibu kila kifupisho cha redio kinaanza nayo, subiri ni QRX, nimepokea ni QSL, sina kitu chako ni QRU. Kwa hiyo binti kila usiku anaisikia ile Q imevutwa mara kumi, mara kumi na tano, mwanzoni inamuudhi, anaona huyu mtu mvivu, halafu inaanza kumchekesha, halafu ukurasa wa mia na kitu hivi kuna usiku saa ya miadi imefika na Q haikuja. Anakaa. Anageuza kitufe kidogo huku, kidogo kule. Kimya. Mwandishi kampa kurasa nne nzima za kimya, binti anasikia mikwaruzo ya hewani tu na radi za mbali, na ndo hapo anapojijua. Hakuna mtu kamwambia, hakuna barua, hakuna shoga wa kumshauri, ni kile kimya kilichomwambia.

Nikaweka kitabu chini nikaenda kuchemsha chai. Manake sisi melini tulikuwa na sheria ya kimya, kwenye masafa ya dharura ya kilohezi 500, kila saa mara 2, dakika ya 15 mpaka 18 na dakika ya 45 mpaka 48, hakuna kugusa kii, kile kitufe cha kupigia Morse, bahari nzima inanyamaza dakika 3 kusikiliza kama kuna mtu anazama. Saa ya redio ilikuwa imepakwa rangi nyekundu kwenye hizo dakika. Mtu aliyezoea kusikiliza kimya namna ile kitabu hiki kinamwingia mpaka kwenye mifupa.

Kingine kilichonimaliza ni habari ya ujumbe uliovurugika. Mawakala walikuwa wanaficha maneno yao kwa fumbo linalotokana na shairi, unachagua maneno kadhaa ya shairi ulilokariri, yanakuwa ndo ufunguo. Sasa wewe uko darini kwa watu, kuna baridi, gari la Wajerumani la kunusa redio linazunguka mtaani, unakosea herufi moja, ujumbe wote unakuwa uji. Zamani walikuwa wanamwambia rudia. Kurudia maana yake ukae tena hewani, na kukaa hewani ndo kifo chenyewe, Wajerumani walikuwa mpaka wanazima umeme mtaa kwa mtaa waone redio inakatikia wapi. Mkuu wa mafumbo pale SOE, Leo Marks, kijana wa miaka ishirini na kidogo tu, mtoto wa muuza vitabu vya mitumba, akakataa. Akasema ujumbe hautarudiwa, tutaufungua sisi. Basi wale mabinti wa Grendon wakawa wanakesha kwa zamu wanajaribu funguo moja moja, maelfu, mpaka kitu kifunguke, ili mtu fulani wasiyemjua Ufaransa asilazimike kugusa kii mara ya pili.

Kwenye riwaya binti yetu anakesha siku mbili na ujumbe mmoja. Wenzake wanabadilishana, ye hatoki, anakunywa chai imepoa, nywele zimefumka, jaribio la elfu tatu na ngapi sijui, na ukifunguka hamna hata neno moja la mapenzi mle ndani, ni kuomba baruti na viatu namba 42. Anaandika viatu namba 42 kwa mkono unaotetemeka. Mhariri, hebu niambie kwenye ile hadithi yenu ya chumbani kuna kitu kinafikia hapo?

Sisi watu wa pwani tuna mioto miwili. Kuna moto wa makuti, unawasha unafika darini, watoto wanashangilia, dakika mbili majivu. Na kuna moto wa makumbi ya nazi, huuoni, unafuka tu chini kwa chini, asubuhi unachokoa kwa kijiti unakuta kaa jekundu linakutazama. Huyu mwandishi kakoka makumbi.

Na tazama ujasusi unavyoingia humo vizuri. Wazee wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, sasa jasusi ndo mtu asiyeruhusiwa kukohoa. Ndo maana nasema hizi hadithi mbili zinafaa kuishi nyumba moja. Riwaya zetu za kijasusi za Kiswahili tulizosoma ujana, nazipenda na nilikuwa nasafiri nazo, lakini mle jasusi akifika hotelini ukurasa wa tano mrembo keshagonga mlango na chupa, wala hatujui anampendea nini, suti pengine. Huku mtu haruhusiwi kusema jina lake, kwa hiyo kila kitu lazima kisemwe kwa kitu kingine. Kama zile jumbe za BBC za jioni kwa Kifaransa, sentensi za ajabu ajabu zinasomwa redioni dunia nzima inasikia, na mtu mmoja tu ndo anajua maana yake. Nikasema kumbe kanga! Umeandika pembeni kwa herufi kubwa NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU, umepita nayo mtaa mzima, na mwenye kuelewa ni mmoja anajikuna kichwa barazani.

Sasa nifike kwenye 73. Watu wa redio tukiagana tunapiga 73, yaani salamu njema, unampa yeyote, hata stesheni iliyokuudhi. Kuna na 88. Hiyo ni busu na mapenzi, haipigwi hovyo. Kijana kwenye kitabu miezi kumi na moja anafunga na 73, kila usiku, 73, 73, wakati mwingine anaanza ile 8 anasita anarudi, binti anasikia daa-daa-daa halafu kimya halafu 73. Usiku aliopiga 88 sitasema imekuwaje, nitawaharibia, ila mjukuu alipita hapo hajui ni nini, kadhani ni namba ya nyumba. Ikabidi nimrudishe kurasa zile moja moja. Akasoma, akanyamaza, akasema babu kumbe.

Halafu ndo inakuja sehemu iliyonitoa usingizi kwa sababu ina ukweli mchungu. Kila wakala alikuwa na alama ya siri anaichomeka kwenye ujumbe, kosa la makusudi, isipokuwepo maana yake nimekamatwa, naandika nikiwa nimeshikiwa bastola. Kwenye kitabu ujumbe unafika hauna alama. Na Q haijavutwa. Binti anakwenda kwa wakubwa anasema huyu siye. Wakubwa wanamwambia kijana kachoka tu, kasahau, wewe rudi kwenye kiti chako. Mtu akisoma atasema mwandishi katia chumvi. Wallahi hakutia. Juni 1943 alikamatwa Paris mtu wa redio anaitwa Gilbert Norman, Wajerumani wakatuma kwa redio yake, ile alama ya pili, ya kweli, haipo, na pale Grendon wakaona kabisa upigaji una kusitasita si wa kawaida yake. Mkuu wa kitengo cha Ufaransa, Maurice Buckmaster, akajibu kumkemea kwamba umesahau alama yako ya pili, kuwa mwangalifu! Yaani alikuwa anawaambia Wajerumani kwamba alama ya pili ipo. Norman aliuawa kambi ya Mauthausen, Septemba 1944.

Na Uholanzi ilikuwa balaa zaidi, kuanzia Machi 1942 mtu wa redio Huub Lauwers kashikwa, anatuma bila alama makusudi ili London washtuke, London hawashtuki, wanazidi kuleta watu kwa parachuti na kule chini wanapokelewa na Wajerumani wenyewe, wakapotea watu zaidi ya 50 namna hiyo. Marks alisimulia mwenyewe baadaye alivyotega, akaamuru mpigaji wake amalize na HH, salamu ya Hitler, ambayo watu wa redio wa Kijerumani walikuwa wanaagania, na upande wa pili ukajibu HH palepale, mkono umezoea. Nikacheka halafu nikajilaumu kwa kucheka. Maana nani aliyejua mapema? Wasikilizaji. Yule anayekusikiliza kila usiku ndo anajua kama ni wewe.

Huyo Marks naye ana yake. Alikuwa na mchumba akafa kwa ajali ya ndege Canada, mwisho wa 1943, akamwandikia shairi. Miezi michache mbele akampa shairi hilohilo mwanamke anayekwenda Ufaransa, Violette Szabo, liwe ufunguo wake wa mafumbo. Na Violette mwenyewe mjane, mumewe kafa El Alamein 1942 hajawahi kumwona mtoto wao wa kike. Akakamatwa, akauawa Ravensbrück mwanzoni mwa 1945. Sasa mtu akinambia mapenzi kwenye riwaya ya vita ni kupamba tu nitamuuliza yeye alitaka mapenzi yakae wapi.

Na Noor Inayat Khan, huyu nataka wasomaji wenu wamjue, baba Mhindi, mwalimu wa Kisufi na mwanamuziki, mama Mmarekani, ye mwenyewe alikuwa anaandika hadithi za watoto. Alikuwa mwanamke wa kwanza mtu wa redio kupelekwa Ufaransa, Juni 1943. Kufika tu wenzake wakaanza kushikwa mmoja mmoja, London ikamwambia rudi, akakataa, akabaki karibu peke yake hewani pale Paris mpaka Oktoba. Wakamuua Dachau tarehe 13 Septemba 1944, miaka 30. Simjui, nilizaliwa baadaye, lakini ni mtu wa kii mwenzangu na huwa namtajia kwenye dua.

Si wote waliishia vibaya, nisije nikawatisha. Pearl Witherington aliruka na parachuti Septemba 1943, na huko huko Ufaransa alikuwepo mchumba wake Henri Cornioley, uchumba wa kabla ya vita, wakakutana, bosi wao aliposhikwa 1944 dada akashika ye uongozi wa maelfu ya wapiganaji, mchumba yupo chini yake anatii, na Oktoba mwaka huohuo wakafunga ndoa. Serikali ikampa nishani ya kiraia akairudisha, kasema hakuna cha kiraia alichofanya. Odette Sansom na Peter Churchill nao walijidai mke na mume walipokamatwa wakapona wote, wakaoana kweli 1947, hiyo haikufika hata miaka 10. Ndo dunia.

Kitabu kina makosa, nisikisifie kupita kiasi. Mle mwishoni mwandishi kapata haraka, magari yanakimbizana Paris, kuna Mfaransa mmoja wa kike kaletwa ili atuonjeshe wivu tu, hana kazi nyingine, angekaa kwao. Na kuna mahali kijana anatuma akiwa kwenye selo la chini, waya wa mita tatu kauzungusha kitandani, London inamsikia safi mara ya kwanza. Haiwezekani! Zile redio za sanduku zilikuwa na uzito wa kilo kama 15 lakini nguvu zake ndogo, zilitaka waya mrefu wa mita ishirini hivi, umetupwa dirishani au juu ya mti, ndo maana walikuwa wanakamatwa. Nililipigia mstari kwa penseli, mjukuu kakasirika kwamba kitabu ni cha kuazima.

Labda mtasema mzee anapenda taratibu kwa sababu ni mzee. Hapana, nilikuwa hivyo toka kijana. Mama watoto nilimposa kwa barua miaka miwili, mimi niko baharini yeye Pongwe, barua inakwenda wiki tano, inarudi wiki tano, na sehemu kubwa ya barua ya kwanza ilikuwa inamuuliza kaka yake habari za mnazi. Akajibu binti mwenyewe, mnazi umeanza kuzaa. Nilikaa na hiyo sentensi kutoka Suez mpaka Hamburg nikiigeuza. Kumbe aliuzungumzia mnazi, ila mi nilishapenda.

Ombi langu ni dogo. Ile hadithi ya Jumapili msiifute, mwandishi anajua kuandika, tatizo anaogopa tutamkimbia. Mwambieni hatukimbii. Aifungue ile pazia, awarudishe kituo cha daladala, amfanye binti awe anakata tiketi na kijana awe anapanda kila siku ruti isiyokuwa yake, na asimguse mkono kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Na saa za maji kujaa na kupwa mzirudishe.

73. Ile nyingine siwapi, ina mwenyewe.

Makoni mstaafu,
Tanga